Kimbunga na uvumi wa petroli kuisha Malindi

Kila upepo ukichafuka, ujumbe uleule hurudi kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Malindi: “Kimbunga kinakuja, petroli inaisha leo usiku, jazeni madumu.” Si kweli. Tuko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na vimbunga vikubwa ni nadra sana huku. Mafuta yetu huja kwa malori kutoka Mombasa, kiasi cha kilomita 120. Barabara ikikatika lori huchelewa, lakini kuchelewa si kuisha.

Watu huchanganywa na picha za foleni kwenye vituo vya mafuta. Baada ya kimbunga Sandy, Marekani, mwaka 2012, vituo vingi vya New York na New Jersey vilikuwa na petroli, ila umeme wa kuendesha pampu haukuwepo. Kinachokausha kituo upesi ni hofu: bodaboda aliyezoea lita 2 anajaza tangi, na dumu la lita 20 juu yake.

Dumu hilo hulala jikoni, karibu na jiko la makaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa sakafuni hadi ufikie moto. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Ukiupata ujumbe huo, tazama tarehe yake, sikiliza utabiri wa hali ya hewa, muulize mhudumu wa kituo. Tafadhali usiusambaze.