Sumu ya kwenye riwaya na sumu ya Minamata

Napenda sana hadithi za kisayansi za upelelezi, zile za mji mzima kuanza kuugua kitu kisichojulikana afu mtu mmoja anachimba mpaka anafika mlangoni kwa kiwanda. Ila naona tunaoandika na tunaosoma tumebeba mambo mengi ambayo sio kweli, na kesi inayoyavunja karibu yote ni ya Minamata, mji wa pwani huko Japani.

Kwanza watu wanadhani visa hivi ni vya kutunga tu. Jamani, pale Minamata miaka ya 1950 paka walianza kuyumba na kuzunguka kama wanacheza ngoma, wengine wakatumbukia baharini, ndege wakawa wanaanguka. Aprili 1956 mtoto mdogo wa kike akapelekwa hospitali ya kiwanda cha Chisso, kutembea shida kusema shida, na Mei 1 daktari wa kiwanda hichohicho, Hosokawa Hajime, akatoa taarifa idara ya afya kwamba kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao haueleweki.

Dhana: ni wa kuambukiza. Hii waliiamini hata wenyeji, nyumba za wagonjwa zikapuliziwa dawa, majirani wakawakwepa. Ukweli ni kwamba ilikuwa sumu. Tangu 1932 kiwanda kilikuwa kinatengeneza asetaldehaidi, kemikali ya viwandani, kwa kutumia zebaki kama kichocheo, na maji taka yake yenye zebaki ya methili, aina ya zebaki yenye sumu kali, yanaingia baharini. Familia za wavuvi ziliumwa pamoja kwa sababu zilikula samaki walewale.

Dhana: sumu inajionyesha, ina rangi ya kijani inang'aa na inanuka. Wapi! Samaki alikuwa samaki tu, mtamu, na hata umpike vipi zebaki haitoki. Na ile ya kusema bahari ni kubwa itaimeza, hapana, inapanda toka viumbe wadogo kabisa kwenda samaki wadogo kwenda wakubwa na kila hatua inazidi, mpaka inafika kwenye sahani yako.

Halafu kuna hii inayoniuma. Hata madaktari wengi waliamini kondo la nyuma linamkinga mtoto tumboni, kwa hiyo watoto waliozaliwa na viungo vilivyokakamaa, wasioweza kusema, wakaambiwa ni tatizo lingine tu maana wao wenyewe hawajawahi kula samaki. Ilifika 1962 ndo ikakubalika rasmi kuwa sumu ilipita kwa mama. Na Wajapani wana desturi ya kukausha kitovu cha mtoto na kukitunza kwenye kiboksi, sisi tunazika wao wanatunza, basi baadaye daktari Harada Masazumi na wenzake wakavikusanya vile vitovu vikapimwa, zebaki ikakutwa humo. Ushahidi ulikuwa umekaa kabatini kwa akina mama miaka yote hiyo. Mimi sijawahi kusoma hadithi yenye ushahidi mzito kama huo.

Dhana kubwa kuliko zote: mhalifu akijulikana, mchezo umekwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema Julai 1959 kuwa ni zebaki. Oktoba mwaka huohuo Hosokawa alikuwa anamlisha paka, yule anayejulikana kama paka namba 400, chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda, na paka akaugua vilevile. Kampuni ikayafungia matokeo. Upande wa viwanda wakaleta nadharia nyingine, mara mabomu ya vita yaliyotupwa baharini. Desemba kampuni ikaweka mtambo wa kusafisha maji ambao haukutengenezwa kuondoa zebaki hiyo, na wagonjwa wakapewa hela ya pole yenye sharti kwamba hata ikija kujulikana kiwanda ndo chanzo wasidai tena. Maji yakaendelea kumwagwa hadi 1968, na katikati hapo, 1965, ugonjwa uleule ukaibuka Niigata, hukohuko Japani, kiwanda kingine kabisa. Serikali ilitamka rasmi Septemba 1968 kwamba chanzo ni maji taka ya kiwanda. Hosokawa alitoa ushahidi wa yule paka 1970 akiwa kitandani anaumwa kansa, na mahakama ikaja kuwapa wagonjwa haki yao 1973. Kwa hiyo ukiandika, usimalize kwenye kugundua, anzia hapo.

Na asikwambie mtu hii ni ya Wajapani na ya zamani. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulisainiwa 2013 kwa sababu zebaki bado ipo mikononi mwa watu, na sisi Tanzania kwenye mialo ya dhahabu wachimbaji wadogo wanaichanganya na mchanga kwa mikono mitupu, afu kile kidonge cha zebaki iliyoshikana na dhahabu wanakichoma kwenye moto wa mkaa, mara nyingi palepale wanapopika, watoto wapo pembeni. Ule mvuke nao hauna harufu.