Kabla hujamfungia chumbani: arosto ya pombe, ya tembe na ya unga si moja

Familia nyingi hapa Malindi, subira ikiwaishia, humfungia kijana chumbani. Mlango hutiwa kufuli, chakula hupitishwa dirishani, na mama huambiwa afanye moyo mgumu juma moja tu, kilevi kimtoke. Nimeyaona haya Shela, Barani, Maweni na Kisumu Ndogo, na siwalaumu wanaoyafanya. Mtu ambaye sufuria zake, simu na hadi mabati ya choo yamekwisha kuuzwa hana mengi ya kuchagua. Lakini mimi ni afisa wa kliniki, wagonjwa wangu ni waraibu, na kuna jambo nalazimika kulisema waziwazi: chumba hicho ni hatari zaidi kwa mnywaji wa pombe ya mnazi kuliko kwa mla unga, yaani heroini.

Sheria ya Kenya imeweka pombe, sigara na miraa upande mmoja, bangi na heroini upande wa pili. Watu wameuchukua mgawanyo huo wakaufanya kipimo cha hatari. Wazazi huniambia, "Alhamdulillahi, wangu anakunywa tu." Mgawanyo huo haukuambii lolote juu ya arosto, yaani mateso yatakayompata mwanao siku atakapoacha ghafla.

Pombe hutuliza ubongo. Huzidisha nguvu za kemikali zinazopoza fahamu na kuzizima zile zinazoamsha. Anayekunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake hujifunza kushindana na utulivu huo kwa kujiamsha zaidi. Fikiria mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja ndani mmoja nje. Wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anaanguka nao mzimamzima. Ndivyo ilivyo pombe ikikatwa siku moja. Kati ya saa sita na siku nzima baada ya tone la mwisho, mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio na usingizi humpaa. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Halafu, siku ya pili hadi ya nne, baadhi huingia katika hali mbaya kuliko zote: homa, kuweweseka, kutojua yuko wapi, kuona wadudu ukutani au watu waliokwisha kufa. Bila matibabu, hali hiyo huua.

Hapa kwetu ndipo hasa mambo yanapoharibika, kwa sababu anayeona watu wasiokuwepo huhesabiwa kuwa amepandwa na jini. Anaitwa wa kumsomea, kombe linaandikwa (aya zinazooshwa kwa maji akanywa), na saa zinakwenda. Sina ugomvi na kisomo. Msomeeni, lakini msomeeni akiwa kitandani hospitalini, amechomwa dawa ya kuutuliza ubongo na kupewa vitamini B1. Vitamini hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mnywaji wa miaka mingi huwa ameishiwa nayo, na asipoipata kwa wakati anaweza kubaki akiyumba na asiyeweza kukumbuka alichoambiwa dakika chache zilizopita, na wengine hawaponi tena.

Tembe za usingizi hugusa sehemu ileile ya ubongo inayoguswa na pombe. Nazungumzia Valium, na Rohypnol ambayo vijana wanaiita bugizi. Arosto yake nayo huleta kifafa, ila huchelewa. Diazepamu, dawa iliyomo ndani ya Valium, hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo kijana anaweza kumaliza juma lake chumbani akiwa salama machoni pa wote, akafunguliwa, kisha akaanguka siku chache baadaye. Aliyezoea tembe hizi hupunguziwa kidogokidogo, kwa majuma au miezi, chini ya daktari.

Na wengi hawakuanza na tembe. Walianza na muguka.

Majani haya hutoka Embu, kama miraa inavyotoka Meru, na yana kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini, dawa ya kuamsha mwili. Kathinoni huharibika jani likinyauka, ndiyo maana magari yanayoleta miraa huku Pwani hukimbia vile. Mtafunaji huwa macho, msemaji, hana njaa, moyo na presha vimepanda. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, na mahakama huko Embu ikaisimamisha marufuku hiyo. Mimi naona hasira ya wazazi wa Pwani ilikuwa ya haki. Bei yake ni ya mtoto wa shule, na watoto wa shule wanaitafuna. Hata hivyo arosto ya muguka yenyewe si ya kuogofya: usingizi mwingi, uzito wa moyo, hasira, ndoto mbaya. Kinachonitia hofu ni saa nane za usiku, kijana yuko macho, mwili umechoka na akili imekataa kulala. Hapo rafiki humpa tembe ya "kushushia", au mnazi, au vyote viwili. Majani halali, pombe halali, na tembe iliyotoka kwenye duka la dawa. Siku unga ukiingia juu ya mchanganyiko huo, pumzi inaweza kukatika, kwa sababu pombe, tembe na heroini vyote hupunguza kasi ya kupumua, na vikikutana kila kimoja humwongezea mwenzake nguvu.

Sasa unga wenyewe. Arosto ya heroini huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho: miayo, makamasi, vinyweleo kusimama, kisha kutapika, kuhara, mifupa kuuma na miguu kurusharusha. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali, na baada ya juma mwili huanza kutulia. Ni mateso makubwa. Mtu mzima mwenye afya ambaye anapewa maji ya chumvi na sukari asikaukiwe, kwa kawaida hafi kwa arosto hii. Mjamzito ni jambo jingine kabisa. Yeye asikatishwe ghafla kamwe, maana anaweza kupoteza mimba.

Kifo cha mla unga kinamngoja nje ya mlango. Siku chache bila heroini zinatosha mwili kupoteza mazoea yake. Kijana akitoka chumbani, au jela ya Shimo la Tewa, au hata kituo cha kurekebisha tabia, akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo kile sasa ni sumu. Utamkuta midomo imekuwa ya samawati, mboni ndogo kama ncha ya kalamu, anakoroma kwa sauti ya maji kooni. Kumwagia maji au kumnywesha maziwa hakurudishi pumzi. Mpulizie hewa mdomoni, mlaze ubavu akianza kupumua, na mkimbize hospitalini apate naloksoni, dawa inayozima nguvu za heroini. Hata akiamka, asiondoke, kwa kuwa naloksoni huisha nguvu baada ya saa moja hivi na heroini bado imo mwilini.

Malindi imekuwa na Omari Project, shirika la kuwasaidia waraibu wa heroini, tangu miaka ya 1990, na mwaka 2015 tukawa miongoni mwa miji ya mwanzo nchini kupata kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Bado nasikia barazani kwamba methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Dawa hii hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hudumu siku nzima, na kwa kipimo sahihi hailevyi. Mwenye kuinywa hana sindano ya kushirikiana, hapati virusi vya Ukimwi au homa ya ini kwa njia hiyo, na asubuhi anaweza kwenda baharini au kwenye bodaboda yake. Kwangu huyo ni mgonjwa anayetibiwa, sawasawa na wa kisukari.

Bangi arosto yake ni nyepesi, ijapokuwa kwa vijana wachache huamsha wazimu unaohitaji daktari wa akili. Sigara na ugoro vinaweza kuachwa hata leo usiku bila hatari yoyote, ila ghadhabu za siku chache.

Basi ukiamua kumsaidia wa kwako, kwanza ulizia anatumia nini, vyote, pamoja na vile visivyo haramu. Kama mna pombe ya kila siku au tembe, usifunge mlango, mlete. Njoo na pakiti za tembe ulizozikuta mfukoni mwake, utuambie mara ya mwisho alitumia saa ngapi na kama amewahi kuanguka. Hatumwiti polisi.