Kuzalisha Chatu Nyumbani: Kazi Yenyewe Huanza Mayai Yakishaanguliwa

Mtu akiingiwa na hamu ya kuzalisha nyoka nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni dume atampata wapi. Kumbe hilo ndilo rahisi kuliko yote. Mimi nafuga na kuzalisha chatu-mpira hapa Ohio, Marekani. Ni yule chatu mfupi, mnene, wa Afrika Magharibi, Python regius kwa jina la kitaalamu, ambaye akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Dume akifika gramu 700 hivi yuko tayari. Jike asubiriwe hadi apite kilo moja na nusu, na kwa kawaida hapo ameshatimiza miaka mitatu. Wakutanishe miezi ya baridi, wenyewe wanajua la kufanya. Yanayofuata ndiyo yanayowatoa watu jasho.

Jike mwenye mimba huacha kula, wakati mwingine kwa miezi. Utamkuta amelala tumbo likiwa juu, na wengi hudhani anakufa. Hafi, ndivyo walivyo. Baadaye atajivua gamba, na kuanzia siku hiyo hesabu kama mwezi mmoja mpaka atage. Akishataga ndipo utaona alichotoa mwilini mwake: ubavu umebonyea, uti wa mgongo umejichora, ngozi imelegea. Ndiyo maana jike wangu akitaga mwaka huu, mwaka ujao anapumzika, hata kama amerudisha uzito mapema. Wapo wanaowapandisha kila mwaka. Sikubaliani nao.

Mayai huwa manne hadi manane, wakati mwingine zaidi, meupe, yenye ganda la ngozi linalobonyea kidogo ukiligusa. Hutoka yamelowa, yakashikana yakawa bonge moja. Aliyekulia kwenye nyumba ya kuku ana mazoea ya kugeuza mayai yanayoatamiwa. Ya nyoka usiyageuze. Kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda mapema sana, na ukilipindua yai, kinaweza kufia humo. Mimi huweka alama ya penseli juu ya kila yai kabla sijalihamisha, kisha namulika kwa tochi gizani. Lililo hai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika chini ya ganda. Lisilo na mbegu huwa dogo, la manjano, na halina mshipa hata mmoja.

Kwenye mashine ya kutotoleshea nataka nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi na hewa yenye unyevu mwingi, kwa siku 55 hadi 60. Watu huogopa umeme kukatika, na ni kweli dhoruba za kiangazi huku huukata. Lakini mayai huvumilia ubaridi wa saa chache. Joto likizidi ndilo linaloua. Kidhibiti joto kikikwama na mashine ikapita nyuzi 34, makinda hutoka na uti wa mgongo uliopinda, au hawatoki kabisa. Kwa hiyo mashine yangu ina vidhibiti viwili, cha pili kikiwa na kazi moja tu: kuzima umeme cha kwanza kikishindwa.

Kinda huchana ganda kwa jino dogo lililo kwenye ncha ya pua, akatoa kichwa, akatulia. Anaweza kukaa hivyo siku nzima au mbili, akichungulia na kurudi ndani. Hapo mikono huwawasha watu, wakitaka kumsaidia. Muache. Bado anafyonza kiini, na mishipa yake haijajifunga. Ukimvuta unamwacha na tumbo wazi.

Sasa ndipo tunapofika kwenye kazi yenyewe. Kwa wiki moja au mbili kinda anaishi kwa kiini alichobeba tumboni, kisha anajivua gamba kwa mara ya kwanza, kisha anatakiwa kula. Wengine hula siku hiyohiyo. Wengine hukataa. Unamwekea mtoto wa panya, anamnusa, anajikunja, anaficha kichwa. Wiki inayofuata vilevile. Huyu ni kiumbe wa gramu 60 hivi, na hana akiba kubwa.

Kinachosaidia mara nyingi ni kupunguza, si kuongeza. Namhamishia kwenye chombo kidogo, cheusi, chenye karatasi iliyokunjwakunjwa ya kujifichia, joto likiwa sahihi upande mmoja, na simgusi siku tano au sita. Chatu-mpira porini hukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu, na nafasi kubwa yenye mwanga humtia hofu. Akiendelea kugoma, najaribu mtoto wa panya aliyetoka kuzaliwa, au nampasha moto kidogo kichwani panya aliyetoka kwenye friza akayeyushwa, kwa kuwa chatu huwinda kwa kuhisi joto kupitia vishimo vya midomoni. Kumlisha kwa kumfungua mdomo ni hatua ya mwisho kabisa, na kwa mgeni wa kazi hii ni afadhali aelekezwe ana kwa ana na daktari wa wanyama anayejua nyoka. Wachache nilio nao hadi leo ndio walionisumbua zaidi kula walipokuwa wadogo.

Na kila kinda ana chombo chake, maji yake, na kadi yake ya kuandikia uzito, mlo na siku aliyojivua gamba. Majike matatu wakitaga vizuri, hiyo ni kama vyombo 20 vya kusafisha. Panya wa kuwalisha wanakaa kwenye friza yao, mbali na chakula cha familia, maana nyoka na panya wote huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Ugonjwa nao. Mwaka 2014 wanasayansi walieleza kwa mara ya kwanza nidovirusi kwenye chatu, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa: makamasi, mdomo wazi, pumzi inayokwaruza. Havina dawa. Nyoka mgeni kwangu hukaa chumba kingine miezi mitatu, apimwe, na akaguliwe utitiri chini ya magamba na kuzunguka macho.

Usidhani pia kwamba bila dume hakuna mayai. Mwaka 2020 kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mmoja wa chatu-mpira anayekadiriwa kupita miaka 60 alitaga mayai saba, ilhali hakuwa amekaribiana na dume kwa angalau miaka 15. Majike huweza kutunza mbegu muda mrefu, na mara chache huzaa bila dume kabisa. Ukinunua jike mkubwa, huna hakika na baba wa mayai yake ya kwanza.

Kuhusu rangi nina msimamo. Aina ya chatu-mpira iitwayo Spider ina michoro ya kuvutia sana, lakini kichwa chake hutikisika, na wengine hushindwa kumlenga panya. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2022 ulionyesha sikio la ndani la nyoka hawa limeumbika vibaya. Michoro na kasoro vinakuja pamoja. Siwazalishi.

Soko limejaa. Albino wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliuzwa kwa maelfu ya dola. Leo unawapata kwa mia moja au mbili. Posta ya Marekani haipokei nyoka, kwa hiyo hata usafirishaji una gharama yake. Kwa ndugu walio Kenya na Tanzania: kumfuga nyoka bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa la jinai, anzeni huko kabla ya lolote.

Chatu-mpira huishi miaka 30 na zaidi. Kabla sijaweka dume na jike pamoja, ninaandika nani atachukua makinda, na jike ambaye watoto wake hawana wenyewe hapandishwi msimu huo. Simuuzi kinda kabla hajala milo mitano mfululizo ya panya walioyeyushwa, na kadi yake inaondoka naye. Mnunuzi akishindwa, hata ikipita miaka kumi, amrudishe kwangu.