Gofu ya diski kwenye bustani usiyoijua: yanayosemwa na yalivyo

Ukishuka kwenye mji mgeni na diski tatu begini, ushauri utakufikia kabla hujarusha hata mara moja. Mwingine ni mzuri. Mwingine umenipotezea diski.

Kwa asiyeujua mchezo: unarusha diski kutoka kwenye kianzio, unaifuata ilipotua, unarusha tena kutoka hapo, hadi itue ndani ya kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia juu yake. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Viwanja vingi vina vikapu 9 au 18, na kila kimoja bado huitwa shimo, ingawa hakuna aliyechimba kitu.

"Frisbi ya ufukweni inatosha."

Itafika kikapuni, lakini kwa mwendo wa kobe. Frisbi ya ufukweni ni pana na nyepesi, upepo mdogo tu unaichukua. Diski ya gofu ina kipenyo cha sentimita 21 hivi na ukingo mwembamba unaokata hewa. Kanuni za PDGA, chama cha wachezaji kilichoanzishwa 1976, haziruhusu izidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, kwa hiyo diski ya sentimita 21.2 inaishia kwenye gramu 176 hivi. Kosa la upande wa pili ni kubeba diski ishirini safarini. Tatu zinatosha: ya mbali, ya masafa ya kati na ya kulengea kikapu. Mimi uwanja mgeni huucheza karibu wote kwa ile ya kati.

"Lazima uwe mwanachama, au ulipe."

Vipo viwanja vya kulipia, ila vingi viko kwenye bustani za umma na ni bure. Ndivyo ulivyoanza: uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, kwa kazi ya Ed Headrick, yuleyule aliyepata hataza ya kikapu cha minyororo mwaka 1977. Kabla ya hapo watu walilenga miti na nguzo.

Sasa, bustani ikiwa ya wote, wewe mwenye diski ndiye unayesubiri. Mama mwenye kigari cha mtoto hajui kwamba njia anayopita ni katikati ya shimo la nne, wala hapaswi kujua. Diski iliyorushwa kwa nguvu inapasua ngozi.

"Ramani ya simu itakuonyesha kila kitu."

Hii ndiyo iliyonigharimu zaidi. Programu kama UDisc zinasaidia kweli: zinakupa mahali, umbali na mpangilio wa mashimo. Ila vikapu huhamishwa. Shimo moja linaweza kuwa na sehemu mbili au tatu za kusimika kikapu, na wasimamizi hukizungusha ili nyasi zipumzike. Kwenye vibao vingi vya kianzio utaona herufi A, B na C, na alama ndogo, pengine bolti tu, iliyowekwa penye herufi ya leo. Mimi nilisimama mbele ya kibao kama hicho, bolti ikiwa wazi kwenye B, macho yangu yako kwenye simu. Nikarusha vizuri sana kuelekea A. Diski ikapinda kama nilivyotaka, ikatua pazuri, na hapakuwa na kikapu. Kilikuwa nyuma ya miti, upande wa pili wa bonde.

Tangu siku hiyo, kikapu nisichokiona sikirushii. Nikiwa na mwenzangu, anatangulia asimame anapoweza kuniona mimi na kikapu pia. Nikiwa peke yangu natembea hadi kwenye kona, natazama, narudi. Na ukimaliza shimo usikimbilie simu: vikapu vingi vina mshale au kipande cha ukanda wa rangi kinachoelekeza kianzio kinachofuata. Pasipo hivyo, fuata njia iliyolika nyasi.

"Nyumbani narusha mita 90, hapa pia zitafika."

Inategemea uko wapi. Kwenye miinuko hewa ni nyepesi, diski inapata msukumo mdogo wa kuibeba juu, inaanguka mapema na inapinda mwishoni kwa ukaidi zaidi. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia kutokea kifuani, mpindo huo ni wa kushoto. Upepo wa usoni unaigeuza ielekee kulia. Wa mgongoni unaikandamiza chini. Baridi nayo inaifanya plastiki iwe ngumu na iteleze vidoleni. Kukiwa na bwawa mbele yako, punguza tamaa, maana diski nyingi za gofu huzama.

"Sheria ni zilezile kila mahali."

Za msingi, ndiyo. Mipaka ni ya kila uwanja. Pengine njia ya lami ni nje, pengine ni uwanja halali. Ukitoka unaongezewa mrusho mmoja. Mti wenye mshale nao si pambo, diski yako lazima ipite upande unaoonyeshwa. Kama kibao hakisemi, uliza wenyeji. Watakwambia hata tawi ambalo kila mgeni huligonga, na watalicheka pamoja nawe.

"Diski ikipotea, tafuta hadi uipate."

Kanuni inakupa dakika tatu, kisha unaongezewa mrusho mmoja na kurudi ulikorushia. Hata ukicheza kwa kujifurahisha, walio nyuma wapishe wapite.

Kinachorudisha diski ni jina na namba ya simu chini yake, kwa wino usiofutika, pamoja na msimbo wa nchi. Mimi niliandika yangu ikianza na sifuri, kama ninavyompa jirani. Wiki moja baada ya kurudi nyumbani, mchezaji niliyezunguka naye kule alinipigia: diski imepatikana, aliyeiokota amepiga ile namba siku tatu mfululizo, na kila mara anapokea mtu mwingine kabisa, ambaye sasa amekasirika.