Heda za Stenlesi kwa Gari la Spoti: Chungulia Ndani ya Bomba Kwanza

Wengi wanaoniletea magari yao ya spoti huwa wamekwisha kuchagua heda, yaani seti ya mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, kwa kuangalia picha: mabomba yanayong'aa, mikunjo ya kupendeza, na idadi ya nguvu za farasi iliyoahidiwa kwenye boksi. Kazi yangu ni kuunda na kufunga mifumo ya ekzosi, na nikikabidhiwa heda mpya, hata kabla sijaipima, huwasha tochi na kuchungulia ndani ya kila bomba kwa upande unaofungwa kwenye injini. Ubora wa heda hujulikana humo kuliko mahali pengine popote.

Stenlesi inapochomelewa, chuma cha upande wa ndani nacho hupata moto mkali, na kama bomba halikujazwa gesi ya agoni ya kuifukuza hewa wakati wa kuchomelea, oksijeni iliyomo hukishambulia mpaka kikafanya magamba meusi yenye chembechembe, mfano wa sukari iliyoungua. Kwa nje kiungo hicho huweza kuonekana safi kabisa, chenye mawimbi yaliyopangika na rangi za kuvutia, lakini ni dhaifu, na ufa utakapoanza utaanzia hapo. Kiungo kilichofanywa kwa uangalifu huwa laini ndani, hung'aa au huwa na rangi ya dhahabu hafifu, wala hakiachi ukingo wa chuma unaozuia njia ya moshi. Baada ya hapo mimi huweka gasketi ya injini juu ya flanji, yaani bamba la kufungia heda kwenye injini, kwa sababu mdomo wa bomba ukiwa mdogo kuliko tundu la silinda hedi (kichwa cha injini), moshi hugonga ukingo tangu hatua yake ya kwanza.

Jambo la pili ni joto, na hapa ndipo heda nyingi za bei nafuu hushindwa. Stenlesi ya daraja la 304, yenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, hupanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida. Bomba la sentimita 60 likipashwa moto mpaka nyuzi 700 za Selsiasi hurefuka kwa zaidi ya milimita 7, ilhali silinda hedi linakofungwa hupozwa na maji na haisogei kiasi hicho. Lazima kitu kipishe. Ndiyo maana napenda flanji nene, ya milimita 10 hivi, isiyopinda kwa urahisi, pamoja na viungo vya kuchomekeana vinavyoruhusu mabomba kuteleza kidogo badala ya kuvutana. Unene wa ukuta wa bomba nao una maana yake: milimita 1.2 hupunguza uzito, lakini kwa gari la kila siku mimi huchagua 1.5 au zaidi, na panapofungwa turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi, heda isibebe uzito wa turbo peke yake bila mhimili.

Injini isiyo na turbo inayotembea barabarani hutoshelezwa na daraja la 304. Lakini stenlesi hiyo ikikaa kwa muda mrefu kati ya nyuzi 425 na 850 hivi, kromiamu yake huungana na kaboni kwenye mipaka ya chembe za chuma na kuiacha mipaka hiyo bila kinga ya kutosha dhidi ya kutu. Kwa hiyo kwa turbo au mashindano ninashauri 321, ambayo ina titaniamu inayoikamata kaboni mapema. Usitegemee sumaku peke yake kutambua daraja. Daraja la 409 hunaswa na sumaku, lakini daraja la 201, lenye nikeli kidogo, kwa kawaida halinaswi kama lisivyonaswa 304.

Kuhusu mpangilio wa mabomba, kila vali ya moshi inapofunguka hutuma wimbi la mgandamizo, na wimbi hilo likifika mabomba yanapokutana hurudi likiwa la kunyonya. Likiwahi kufika wakati vali za moshi na za hewa ziko wazi kwa pamoja, huondoa mabaki ya moshi na kuivuta hewa mpya; kuwahi huko hutegemea urefu wa bomba na mizunguko ya injini. Mpangilio wa 4-2-1, yaani mabomba manne kuwa mawili kisha moja, unaounganisha silinda ya 1 na ya 4, na ya 2 na ya 3, katika injini inayowaka kwa utaratibu wa 1-3-4-2, husaidia zaidi katika mizunguko ya kati. Ule wa 4-1, ambao mabomba manne huungana mara moja, hulenga mizunguko ya juu. Kwa anayeendesha barabarani nachagua 4-2-1 bila kusita, na mabomba yasiwe mapana kupita mahitaji, kwa kuwa upana ukizidi, kasi ya moshi hupungua.

Niliwahi kupokea gari lililokuwa likila mafuta kupita kiasi, na mwenyewe alikwisha kubadilisha kihisi cha oksijeni mara mbili. Tatizo lilikuwa ufa mwembamba kama unywele kwenye heda mpya, kabla ya kihisi. Kati ya mapigo ya moshi, ufa ule ulinyonya hewa ya nje. Kihisi kikaona oksijeni nyingi, na kompyuta ya injini ikaongeza mafuta yasiyohitajika. Tangu hapo sifungi flanji bila kuilaza juu yake rula ya chuma iliyonyooka. Nikiona mwanga ukipenya, huisawazisha kwanza au huirudisha.

Kama katalisti ya gari lako, yaani kifaa kinachosafisha moshi, imeungana na manifoldi ya awali (mabomba ya moshi ya kiwandani ambayo heda huchukua nafasi yake), hakikisha heda mpya inaibakiza kwenye mfumo, kwani nchi nyingi zinakataza kuiondoa kwa gari la barabarani. Baada ya kufunga, iache injini ipate moto na ipoe kabisa, kisha kaza nati tena kuanzia katikati ya flanji kwenda pembeni.