Programu mbili zikigombana juu ya mgomba mmoja

Maafisa ugani wa huku Moshi huniuliza: programu ya picha inasema mgomba una mnyauko fuzari (ugonjwa wa kuvu), ile ya maswali ya dalili inasema mnyauko bakteria. Tufuate ipi? Kukosea hapa kuna gharama. Fuzari hukaa udongoni miaka mingi, hivyo huwezi kurudishia aina ileile inayougua. Bakteria huenezwa na wadudu na panga, na mgomba ulioougua ukikatwa mapema, migomba mingine ya shina hilo inaweza kupona.

Wengi hukimbilia kanuni ya Dempster, njia ya kuunganisha ushahidi wa vyanzo viwili: zidisha uzito (kiasi cha imani, 0 hadi 1) wa majibu yanayokubaliana, tupa yanayopingana, kisha gawanya kilichobaki ili jumla irudi 1. Tuseme ya kwanza imetoa fuzari 0.99 na ukame 0.01, ya pili bakteria 0.99 na ukame 0.01. Zinakubaliana kwenye ukame tu: 0.01 × 0.01 = 0.0001. Ukishagawanya, ukame unapata 1 kamili, jibu ambalo zote mbili zimelidharau! Mwanasayansi Lotfi Zadeh alionyesha kasoro hii mwaka 1979 kwa mfano wa madaktari wawili.

Kwa hiyo kabla ya kugawanya, soma K, yaani kiasi kilichotupwa. Hapa ni 0.9999. K ikiwa kubwa hivyo, tatizo liko kwenye vyanzo vyenyewe, na hesabu ya kugawanya inalificha.

Dawa yake ni kupunguza imani. Kama programu huaminika kwa 0.9, zidisha kila uzito kwa 0.9, na ile 0.1 iliyobaki iweke kwenye fungu la “sijui”. Rudia hesabu, “sijui” ikihesabiwa kuwa inakubaliana na jibu lolote: fuzari 0.47, bakteria 0.47, ukame 0.01, sijui 0.05. Sasa mgongano unaonekana wazi. Hiyo 0.9 ipime kwa migomba ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vya hapa, chini ya kivuli na ukungu wa mlimani. Usiichukue kwenye tangazo la programu.

Hakikisha pia vyanzo havitegemeani. Programu mbili zilizofunzwa kwa picha zilezile, kila moja ikisema 0.6 kwa 0.4, kanuni itakupa 0.69 bila ushahidi wowote mpya kuongezeka. Hapo chukua wastani tu.

Zikibaki sare, usizichezee namba. Kata mgomba. Usaha wa njano ukitoka kwenye mkato ni bakteria. Michirizi ya kahawia au zambarau bila usaha huelekeza kwenye fuzari. Ukiona usaha, ingiza ushahidi huo kama bakteria 0.9 na sijui 0.1: bakteria inapanda hadi 0.91, fuzari inashuka hadi 0.08. Kwa uamuzi wa kukata, hiyo inatosha. Panga lipitishe motoni kabla halijagusa mgomba mwingine.