Je, wajua kwa nini askari aliyetoka vitani hupewa dawa ya sonona hata asipokuwa na sonona?

Askari amerudi nyumbani. Anakula vizuri, anacheka na watoto, huzuni hana. Lakini mlango ukibamizwa anajikuta sakafuni, mgahawani hakai mpaka apate kiti kinachotazama mlango, na usiku huamka amelowa jasho. Daktari anamwandikia sertralini. Anafika nyumbani, anasoma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi: dawa ya kutibu sonona. Anahisi kwamba daktari hakumsikiliza, na boksi linaishia kabatini.

Tatizo ni jina tu. Dawa hizi ziliingia sokoni kama dawa za sonona, na jina hilo likazing'ang'ania. Aspirini nayo inajulikana kwa maumivu ya kichwa, lakini wapo wagonjwa wa moyo wanaoimeza kila siku bila kuumwa kichwa.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga king'ora cha hatari. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayokizima: "tulia, ni mlango tu." Kwa mwenye ugonjwa wa kiwewe, ule ambao hospitalini huitwa PTSD, king'ora kinalia kwa jambo dogo na anayepaswa kukizima amelemewa. Seli za pande zote mbili hupashana habari kwa kutumia, miongoni mwa kemikali nyingine, serotonini. Sertralini na ndugu zake huziba mlango ambao seli huutumia kuirudisha serotonini ndani, hivyo inabaki nje kwa muda mrefu zaidi.

Mlango huo unazibwa ndani ya saa chache tu, ilhali nafuu huchukua wiki kadhaa. Mwanzoni seli zinahisi serotonini imezidi, nazo zinapunguza kuitoa. Inachukua wiki mbili, tatu mpaka zizoee na kurudi kwenye kasi yake. Kumbukumbu ya vita haifutiki hata kidogo. Kinachoshuka ni sauti ya king'ora.

Ugonjwa wenyewe uliingizwa kwenye mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliotoka Vietnam na watetezi wao kuupigania. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliidhinisha sertralini kwa ugonjwa huu mwaka 1999 na ndugu yake paroksetini mwaka 2001. Mwongozo wa 2023 wa idara ya askari wastaafu na wizara ya ulinzi za huko Marekani unapendekeza hizo mbili pamoja na venlafaksini, dawa nyingine ya sonona, lakini unasema wazi kwamba tiba ya mazungumzo inayomrudisha mgonjwa kwenye tukio lenyewe, hatua kwa hatua, itangulizwe pale inapopatikana. Dawa ni kwa asiyeipata tiba hiyo, asiyeitaka, au ambaye haikumtosha.

Kwa kawaida sertralini huanza na miligramu 25 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 50. Baada ya wiki moja inapanda hadi 50, kisha inaongezwa taratibu kadiri ya haja, isizidi 200. Nusu kidonge kina sababu yake. Siku za mwanzo dawa inaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha, mikono kutetemeka, na wasiwasi kuongezeka badala ya kupungua. Kwa mtu ambaye tayari anaruka kwa kila kishindo, wasiwasi huo wa nyongeza ndio humfanya aitupe dawa siku ya nne. Ikimezwa pamoja na chakula, kichefuchefu hupungua; ikimezwa asubuhi, usingizi hausumbuki sana. Ukisahau dozi, usimeze mbili kesho yake. Uamuzi kwamba dawa haifai usifanywe kabla ya wiki sita hadi nane kwenye dozi ya kutosha, na kwa maoni yetu dawa nyingi zinazoitwa "zimeshindwa" hazijafika hapo.

Madhara ambayo askari hawayasemi ni ya chumbani: hamu kupungua, kuchelewa kumaliza. Ni ya kawaida sana kwa dawa hizi. Daktari na aulize mwenyewe, maana mwanamume akikaa nayo kimya ataacha dawa kimya. Kwa walio chini ya miaka 25, na askari wengi ni wa umri huo, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka wiki za mwanzo. Mtu wa nyumbani aambiwe amwangalie, na silaha isikae karibu. Daktari pia aulize kama mgonjwa aliwahi kuwa na siku za kutolala, kuongea mfululizo na kujiona ana nguvu za ajabu, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiamsha hali hiyo.

Hatari nyingine huja na dawa za maumivu. Askari wengi wana mgongo au goti bovu, nao hutumia tramadoli. Hiyo nayo inagusa serotonini, na zikikutana zinaweza kuleta homa, misuli kukakamaa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali. Ibuprofeni nayo, ikitumiwa pamoja na sertralini, huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni.

Je, kwa askari zinafanya kazi kama kwa raia? Hapa lazima kusema ukweli usiopendeza. Jaribio lililofanywa katika vituo vya askari wastaafu Marekani kwa wagonjwa 169, wengi wao wa Vietnam, matokeo yake yakachapishwa 2007, halikuona tofauti kati ya sertralini na kidonge kisicho na dawa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba watu hao walikuwa wameugua kwa miongo, wakiwa na pombe na maumivu ya muda mrefu juu yake. Hilo halimaanishi kwamba haimsaidii askari yeyote, ila linaeleza kwa nini daktari makini haahidi miujiza.

Kuna kidonge ambacho askari hukipenda, nacho ni kibaya kwao: diazepamu. Inatuliza usiku huohuo, lakini haitibu kiwewe, inajenga utegemezi, na huenda ikauzuia ubongo usijifunze upya kwamba mahali ni salama. Ikichanganywa na pombe au tramadoli inaweza kusimamisha pumzi. Kwa jinamizi pekee hutumika prazosini, dawa ya shinikizo la damu, inayoanza na miligramu 1 wakati wa kulala. Dozi ya kwanza imezwe ukiwa tayari kitandani, kwa sababu ukisimama ghafla unaweza kuzimia.

Kwetu, ambako askari wa Uganda, Burundi na Kenya wamepigana Somalia na wa Tanzania wamekwenda mashariki mwa Kongo, dawa inayopatikana kwa urahisi zaidi aghalabu ni fluoksetini, ndugu wa sertralini, au amitriptilini, dawa ya sonona ya zamani zaidi, zote zikiwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Amitriptilini ikizidishwa inaua, basi mwenye mawazo ya kujiua asipewe ya mwezi mzima kwa mkupuo. Anayetumia sitalopramu au esitalopramu, ndugu wengine wa sertralini, amweleze anayemtibu malaria kabla ya kupewa dawa mseto ya ALu, kwa kuwa zote zinaweza kugusa mapigo ya moyo.

Aliyepata nafuu hushauriwa kuendelea kama mwaka hivi. Katika utafiti mmoja wa wiki 28, waliobadilishiwa sertralini kwa kidonge kitupu walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 26, dhidi ya 5 ya walioendelea. Kuacha ni kwa kushusha dozi kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Anayekatisha ghafla, hasa paroksetini au venlafaksini, hupata kizunguzungu, hasira, ndoto mbaya na kama shoti za umeme kichwani, akadhani vita vimerudi. Tazama kalenda: yakianza siku mbili hadi nne baada ya dozi ya mwisho, mara nyingi ni dawa inayotoka mwilini, ugonjwa wenyewe hurudi polepole, kwa wiki au miezi.